Waya Uliopita Jikoni

Mtu wa kwanza niliyemkasirikia alikuwa mkulima wa mpunga wa Madibira, na masikini hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ananieleza jinsi majani ya mpunga wake yalivyoanza kugeuka njano kuanzia kwenye ncha. Nikamuuliza kama maji yanasimama shambani au yanapita, kisha nikasubiri jibu. Nikasubiri sana. Nikasema "haloo" mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi, nikidhani mzee wa watu ameweka simu kwenye tuta akaenda kuyaangalia maji. Ndipo nikatazama kioo cha kompyuta, nikaona ile alama ndogo ya kuonyesha kwamba mtandao haupo. Mzee alikuwa bado yuko Madibira na simu yake sikioni. Aliyeondoka ni mimi.

Kazi yangu ni kupokea simu za wakulima. Kampuni inauza mbegu, mbolea na dawa, na ofisi iko Mbeya. Mkulima akipiga, simu inaingia kwenye kompyuta, mimi nimevaa hedifoni, naongea naye huku nasoma mwongozo kwenye kioo. Miaka yote nilifanya kazi hiyo kulekule Mbeya, kwenye chumba kimoja na wenzangu. Mwaka huu baada ya Pasaka niliomba nifanyie kazi nyumbani kwa mama, Ipogolo, Iringa. Baba alifariki miaka miwili iliyopita, mama akabaki peke yake. Mimi sina mume wala mtoto wa kunifunga Mbeya, na kila nikimpigia mama simu nilikuwa naona anajibu kwa maneno machache kuliko mara iliyopita. Ameshakula? Amekula. Nini? Chai.

Msimamizi wangu alikubali kwa masharti. Ni mama wa mjini Mbeya ambaye babu zake walipandisha kutoka pwani na biashara ya vitambaa, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba hata akikukaripia unatamani aendelee. Aliniambia, "Mwenzangu, mimi nakuruhusu, lakini nataka waya. Intaneti ya hewani siitaki, nimeshaona inavyowaaibisha watu. Na laini ikikatika ovyo, mwisho wa Agosti unarudi hapa tukae wote." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Waya ukishika, nabaki na mama. Ukikataa, nafungasha virago.

Nyumba ya mama imetazama barabara kuu, pale ambapo malori yanayoelekea juu mjini yanaanza kupandisha. Ukikaa sebuleni, kila dereva anayebadilisha gia anaingia kwenye mazungumzo yako. Kwa hiyo nilichukua chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya baba, nikatoa majembe na madebe, nikaweka meza na kompyuta. Kati ya nyumba kubwa na chumba hicho kuna jiko la kuni, kibanda cha tofali za kuchoma chenye paa la bati na giza lake la siku zote. Fundi wa intaneti alifunga ruta sebuleni, akavuta waya kupitia dirishani, akaupitisha ndani ya jiko chini ya bati, ukatokea upande wa pili na kuingia kwangu kwa tundu alilotoboa ukutani. Alisema humo hautapigwa na jua wala mvua. Waya wake ulikuwa umepungua kidogo, akaunga kipande kingine kwa kiunganishi cha plastiki, palepale juu ya mafiga. Nilimsifu kwa akili yake. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, na juu kule hakukuwa na kitu kingine zaidi ya masizi.

Juni yote laini ilikaa kama imechomelewa. Mama naye alianza kunenepa mashavuni, au mimi ndiye niliyetaka kuona hivyo. Alivuna kishamba chake cha nyuma ya nyumba, akaanika mahindi kwenye turubai, akawa ananiletea chakula mpaka mezani. Hakutaka kabisa niingie jikoni. "Kuna moshi humo," alisema. "Ukianza kukohoa watu wako wa simu watasemaje?" Nilifurahi kuhurumiwa. Katikati ya Julai ndipo mzee wa Madibira akapotelea hewani, na baada yake wakapotea wengine wengi.

Mimi si fundi, ila najua kuzima na kuwasha. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikazima ruta, nikahesabu polepole mpaka thelathini kama tulivyofundishwa, nikawasha. Mtandao ukarudi, nikajiona bingwa. Kesho yake saa tatu na nusu ukakata tena, mama mmoja wa Makambako akiwa katikati ya kunisomea maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Nyuma ya kompyuta, pale waya unapochomekwa, kuna taa mbili ndogo. Mambo yakiwa mazuri moja inawaka kijani na nyingine inapepesa. Nikawa nazikagua taa zile kama anavyokaguliwa mtoto mwenye homa. Kuna siku kijani iligeuka rangi ya chungwa. Mtandao ukawepo lakini unajikokota, mkulima anasikika vipande vipande. Kuna siku zote zilizimika kwa dakika moja, zikarudi zenyewe bila mtu kugusa kitu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kitu kikiharibika kiharibike, tujue. Hiki kilikuwa kinaharibika na kupona bila kuniaga.

Nikabadilisha tundu kwenye ruta. Nikapanda mjini, nikanunua vichwa vipya vya waya, nikakata kile cha upande wangu na kufunga kingine, nikizipanga zile nyaya nane ndogo kwa rangi zake huku miwani inanidondoka. Nikampigia mwenzangu wa Mbeya anayejua mambo haya, akaniambia nisasishe programu ya kadi ya mtandao. Nikaisasisha. Mwisho nikabeba kompyuta nzima, nikaichomeka sebuleni moja kwa moja kwenye ruta. Kutwa nzima haikukata hata mara moja. Malori yalinguruma kwenye masikio ya wakulima na mmoja akaniuliza kama niko safarini, lakini laini haikutikisika. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa nzima na ruta ilikuwa nzima. Nikauangalia waya kwa nje, ulivyoingia jikoni upande mmoja na kutoka upande wa pili. Nao ulionekana mzima. Kichwa kikazidi kuniuma.

Nikaanza kuandika saa za kukata kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, katikati ya sikukuu za watakatifu. Mvua haikuwepo, ni kiangazi. Umeme ulikuwepo. Upepo, siku nyingine upo, siku nyingine haupo. Baada ya wiki nikaona kitu ambacho sikuthubutu kumwambia mtu yeyote mwenye akili timamu: nikisikia harufu ya maharage, mtandao unakata. Nilicheka peke yangu. Kesho yake, saa tatu na robo, harufu ya maharage ikaingia dirishani, nikatazama taa za nyuma ya kompyuta, na mbele ya macho yangu zikazimika.

Nilimfuata mama uani.

"Mama, naomba uwe unapikia nje, kwa mkaa."

"Kwani kuni imekosa nini?"

"Nadhani moshi unasumbua mtandao."

"Kwani mtandao yako inavuta hewa?"

Nilimwambia ni joto, joto linapanda juu linaupata waya, na hata mimi sikuamini nilichokuwa nasema. Lakini mama hakubishana. Siku ileile alitoa jiko la mkaa, akaliweka chini ya ukingo wa paa, akabandika sufuria yake hapo. Nilimwonea huruma kwa baridi ile ya Julai, amejifunika vitenge viwili, anapuliza mkaa.

Mtandao ukaendelea kukata. Na jambo jingine likatokea ambalo lilinitisha kuliko mtandao. Nilichungulia dirishani asubuhi moja, nikaona sufuria ya maharage iko nje juu ya mkaa kama tulivyokubaliana, lakini moshi unatoka chini ya bati la jiko. Mama akatokea mlangoni mwa jiko akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama, unapika nini humo?"

"Sipiki."

"Sasa moto wa nini?"

"Moto wa jiko," akasema, akanipita akaenda kuchota maji.

Nilirudi kwenye kiti. Mama yangu mkubwa, dada wa mama, alianza hivyohivyo. Alikuwa anawasha moto na kukaa mbele yake bila chungu, ukimuuliza anasema anapika. Baada ya mwaka mmoja hakujua tena majina yetu. Nikaanza kumchunguza mama kama nilivyozichunguza zile taa. Nikamuuliza leo ni siku gani, akajibu sawasawa kisha akaniuliza kama mimi ndiye niliyesahau. Lakini moto ule usio na chungu uliwashwa kesho yake, na keshokutwa. Siku nyingine nilimsikia humo ndani anaongea peke yake kwa Kihehe, kwa sauti ya chini, kama anayehesabu. Nilitaka kulia. Nilikuja Iringa kwa sababu mama alikuwa mpweke, kumbe nimechelewa, ameshaanza kuondoka.

Wiki hiyohiyo msimamizi akapiga. "Bibie, nimeangalia ripoti yako. Inanisikitisha. Wakulima wanalalamika wanaachwa njiani. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, zaidi ya hapo mimi mwenyewe nitaulizwa." Nikamwambia nitarekebisha. Sikumwambia mama neno. Ningemwambiaje? Mtu ameanza kupoteza kumbukumbu, umwambie na mwanao anakuacha? Usiku ule nilikula huku natabasamu.

Nikamwita fundi arudi. Nikamwarifu mama kwamba kesho kuna mgeni.

"Fundi atapita jikoni?" akauliza.

"Lazima apite. Waya uko humo."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Haya," akasema. "Nitasafisha."

Fundi akaja na ngazi na kifaa chake cha kupimia. Mama akampokea kwa adabu zote, "kamwene" ya Kihehe, karibu, chai, mihogo. Jikoni kulikuwa kumefagiwa na moto umezimwa. Fundi akapanda, akapima waya kutoka mwanzo hadi mwisho, nyaya zote nane zikaitika. Akatikisa kile kiunganishi, kimeshika. Akaja kwangu, akatazama taa. Kijani. Tukakaa tukizitazama hadi chai ikaisha, na mtandao ukapita kwa heshima zote, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Dada," akasema fundi, "hapa hakuna ugonjwa."

"Unakata kila siku."

"Mbona sasa haukati?"

Nilimchukia kwa swali lile kwa sababu lilikuwa swali langu. Akakunja ngazi yake, akamuaga mama, akaondoka. Laini ikakaa vizuri mchana ule wote. Kesho yake saa tatu na nusu, chungwa. Saa nne, giza. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaanguka. Nilianza kufikiri kwamba tatizo ni mimi, kwamba nina mkosi fulani uliokuja na basi kutoka Mbeya, na mimi ni mtu wa kanisani, mambo hayo huwa nayacheka.

Jumatano ya wiki ya mwisho mama alikwenda kwenye sala za jumuiya. Alitoka mapema, akaniacha na uji mezani, na kabla hajatoka nilimsikia akishughulika jikoni. Saa tatu nilimpata tena, kwa bahati, yule mzee wa Madibira. Alinikumbuka. Akasema, "Wewe si ndiye ulinikatia simu?" Nilikuwa namwomba msamaha taa zilipozimika. Safari hii hazikurudi. Nikasubiri dakika tano, kumi. Nikaenda sebuleni, nikashika waya kwenye ruta, nikaamua nitaufuata kwa mkono wangu mwenyewe bila kuuachia mpaka nifike kwenye kompyuta. Nikapita nao dirishani, nikazunguka, nikasukuma mlango wa jiko.

Makaa yalikuwa bado yanafuka kwenye mafiga, na juu yake hakuna chungu. Nilisimama mpaka macho yakazoea. Kisha nikatazama juu.

Waya wangu wote, kuanzia ukuta mmoja hadi mwingine, ulikuwa umejaa mahindi. Mahindi makubwa, yaliyonyooka mistari, yamemenywa hadi mwisho na kufungwa mawili mawili kwa maganda yake, kila jozi imepandishwa juu ya waya, hindi moja upande huu na moja upande ule. Yalikuwa yameanza kuwa meusi kwa moshi. Waya ulikuwa umelemewa umebonyea katikati kama kitanda cha kamba, na pale juu ya mafiga kiunganishi cha fundi kilikuwa kimeachia kabisa. Ncha ya upande wangu ilikuwa inaning'inia.

Hayo mahindi nilikuwa nayajua tangu utoto. Kila nyumba kwetu ilikuwa nayo juu ya moto: mbegu ya msimu ujao, iliyochaguliwa hindi moja moja, ikikaushwa kwa moshi ili wadudu wasiiguse. Unawasha kuni kwa ajili yake tu, hata kama hupiki. Unayageuza kila asubuhi ili moshi uyapate pande zote. Kila asubuhi. Mama alikuwa anabandika maharage, kisha anageuza mbegu zake, na kila akigeuza anavuta waya. Na siku ya fundi alikuwa ameyashusha yote.

Ningepaswa kufurahi. Mama hakuwa anapoteza akili, alikuwa na akili kuliko mimi na fundi tukiunganishwa. Lakini mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa nimetishika karibu wiki mbili. Aliporudi kutoka jumuiya, rozari bado mkononi, alinikuta nimesimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, ni nini hii?"

Akatazama juu, kisha chini. "Ni mbegu."

"Kwenye waya wangu?"

"Fito za baba yako za kutundikia zilioza. Na fito panya anapanda. Hii waya ni nyembamba, panya hawezi kupita."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ya fundi ukayaficha! Uliyaweka wapi?"

"Chini ya kitanda." Alikuwa anaongea kama mtoto aliyekamatwa, na hilo lilizidi kunitia hasira. "Nakusikia kila siku," akasema. "Ukuta ule si mnene. Unawaambia watu, mbegu ya nyumbani imechoka, mbegu ya nyumbani msipande, nunueni ya dukani. Nikasema nikimwonyesha atanicheka."

Ni kweli. Iko kwenye mwongozo, naisoma mara kumi kwa siku.

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. "Unajua umenifanyia nini?" nikasema. "Keshokutwa ndiyo siku ya mwisho niliyopewa. Waya ukikatika mara moja zaidi, narudi Mbeya, unabaki peke yako. Kwa ajili ya mahindi!"

Ilikuwa mara ya kwanza mama kusikia kwamba naweza kuondoka. Akaweka rozari mfukoni, akavuta kigoda, akapanda, akaanza kuyashusha mahindi jozi moja moja. Nikamwambia aniachie mimi, akasema "nenda ukafanye kazi." Nilirudisha kiunganishi mahali pake, nikaenda. Taa zilikuwa kijani. Nikapokea simu mpaka saa kumi na moja bila kukatika, na sikufurahia hata moja.

Kesho yake asubuhi laini ilikuwa imara. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kuelekea saa sita nikasikia harufu nzuri, harufu ya makande, mahindi na maharage yakichemka pamoja, chakula nilichokipenda tangu shule. Nikasema moyoni, mama amenisamehe. Nikavua hedifoni, nikatoka.

Alikuwa amekaa nje kando ya jiko la mkaa, amekunja miguu, ungo mapajani. Anapukuchua. Alikuwa anashika hindi moja, anasukuma punje kwa kidole gumba, mstari baada ya mstari, zinaanguka kwenye ungo. Pembeni yake kulikuwa na rundo la magunzi, na magunzi yale yalikuwa yameng'aa kwa masizi.

Nilichelewa kuelewa. Mimi siku hizo nilikuwa nachelewa kuelewa kila kitu.

"Mama, hiyo si mbegu?"

"Ilikuwa."

"Kwa nini unaipika?"

"Si inakurudisha Mbeya?" Hakuinua macho. "Baba yako alipoondoka sikuchagua mbegu. Mwaka ule, na mwaka huu uliopita. Wenzangu wa jumuiya wakaniletea ya kwao nikapanda kidogo, basi. Mtu anachagua mbegu akiwa na mtu wa kula naye. Mwaka huu wewe ukaja. Nikachagua." Akasukuma punje nyingine. "Kama ukienda nitaipanda nile na nani? Bora tuile wote sasa hivi, ukiwepo."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, nikamshika mikono yote miwili, hindi likiwa katikati. Nililia, sioni aibu kusema. Nilimwambia aache. Nikamwambia sijaenda popote. Akaniambia nimwachie mikono, inauma.

Jozi sita ndizo zilizobaki. Nyingine zilikuwa zimeshaingia kwenye sufuria na hazingetoka. Tulikula makande yale mchana, sahani mbili. Yalikuwa matamu sana, na kila punje niliyoitafuna nilijua ilikuwa na kazi nyingine.

Ijumaa nilimwita fundi mara ya tatu. Nikamwambia aung'oe waya wote wa jikoni, anivutie mpya, mmoja usio na kiungo, uzunguke nje ukutani ndani ya bomba la plastiki. Aliniuliza tatizo lilikuwa nini hasa. Nikamwambia uzito. Akataka kujua uzito wa nini, nikamsogezea sahani ya mihogo ale. Jioni msimamizi akapiga, akasema laini imetulia siku mbili, ananiongezea mwezi, na mwezi ukipita bila vituko basi nisahau habari za kurudi. "Sasa niambie, ulikuwa ni ugonjwa gani?" Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema ana muda. Nikamweleza, naye akaniuliza mama anaitunzaje isiliwe na wadudu.

Waya wa zamani sikuutupa. Nilipanda kwenye kigoda mwenyewe, nikapigilia misumari miwili ukutani, nikaukaza juu ya mafiga mahali palepale. Mama alisimama chini akinielekeza, kushoto, juu kidogo, hujui kupiga msumari, mpe nyundo mwenye nyumba. Tukapandisha zile jozi sita. Zilionekana chache juu ya waya mrefu ule. Mama akazisogeza sogeza ili zisiachiane sana, akawasha moto.

Mwezi umepita. Sijakatika. Asubuhi moja simu iliingia kutoka kwa mzee mmoja wa huko juu milimani, Kiswahili chake kimechanganyika na lugha ya kwao, anauliza kama anaweza kupanda mahindi yake mwenyewe au lazima anunue. Mwongozo ulikuwa mbele yangu kwenye kioo. Nikamsomea, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu si uongo: ya dukani inazaa zaidi. Jikoni, mwiko wa mama ukaacha kugonga sufuria.

"Lakini mzee," nikasema, "hiyo yako umeitundika wapi?"

"Juu ya moto, kwenye mti."

"Panya je?"

"Ah, panya, mwanangu! Wananimaliza."

"Tafuta waya," nikamwambia. "Uwe mwembamba, na usiwe na kiungo katikati."

Akashukuru, akasema kumbe na sisi wa ofisini tunalima. Nyuma ya ukuta nikamsikia mama anacheka, peke yake, na mwiko ukaanza tena.